Kochi Linalokwama Mlangoni

Kila Darubini alipojisogeza, kochi lilipiga kelele.

Halikuwa kochi bovu. Lilikuwa jipya, la kitambaa cha kijani, ila nailoni ya dukani ilikuwa bado juu yake, imekazwa kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme kwenye kona zote. Viti vya wafanyakazi navyo vilikuwa na nailoni. Rimoti ya TV ilikuwa na nailoni. Hata saa ya ukutani ilikuwa bado na kile kikaratasi laini cha kioo ambacho binadamu wengine hukibandua siku ya kwanza kwa raha zao zote.

"Usiegemee sana," mwenye ofisi alimwambia. "Unaivuta."

Darubini akakaa wima. Alipewa jina hilo kwa sababu ya miwani yake, minene kama vitako vya chupa. Kazi yake ilikuwa upelelezi wa kukodishwa. Wanaume wanaopotea Ijumaa na kuonekana Jumatatu, hao ndio waliokuwa wakimlipia kodi ya nyumba. Gemu za kompyuta hakuwahi kuzipeleleza. Hakuwahi hata kuzicheza.

"Kabla hatujaanza, mama, naomba pa kuchomeka simu. Chaji inaniishia."

"Hakuna pa kuchomeka."

"Naona soketi pale chini ya meza."

"Ile ni ya mashine. Haichomolewi. Na usiniite mama. Hapa kila mtu ananiita Shangazi, mpaka anayeleta maji."

Kwa damu alikuwa shangazi wa mtu mmoja tu mle ndani, msichana aliyekuwa upande wa pili wa ukuta wa kioo, anapanga vitu vyake kwenye boksi. Kikombe. Feni ndogo ya mezani. Ndala. Alikuwa anavipanga polepole, kama mtu anayetaka aonekane akivipanga.

"Haya," Darubini alisema. "Nipe habari tangu mwanzo. Na uniongeleshe kama mtu asiyejua kitu, maana sijui kitu."

Shangazi akavuta kiti, nailoni ikalia, akakaa.

"Kuna kampuni kubwa inatoa mashine mpya ya gemu. Haijaingia dukani. Ni mashine moja yenye kazi mbili. Ukiiweka kwenye stendi yake yenye umeme wake, gemu inaonekana kwenye TV. Ukiinyanyua, kioo chake chenyewe kinawaka, unaendelea kucheza mkononi palepale ulipoishia, unaenda nayo mpaka chooni. Sisi tumeazimwa moja tuitengenezee gemu. Sharti lao, gemu iende vizuri kwenye TV, iende vizuri mkononi, na isitetereke wakati wa kuhama."

"Kama mwanaume mwenye nyumba mbili."

"Nini?"

"Nawajua hao, ndio riziki yangu. Nyumba ya kwanza mchangamfu, anapasua kuni, anabeba watoto. Nyumba ya pili akifika amechoka, anaomba mto."

Shangazi alimtazama kwa muda. Ilionekana anafikiria kama bado kuna nafasi ya kumkodi mtu mwingine.

"Gemu yetu inaitwa Shusha Kochi," akaendelea. "Watu wawili wanahamisha kochi kutoka ghorofani. Ngazi nyembamba, milango midogo, na mama mkwe yuko nyuma yao anaelekeza. Sauti ya mama mkwe ni yangu. Watu wote walioisikia wameisifu."

"Shida iko wapi?"

"Mara tatu nimeipeleka kwa wakala wa kampuni. Kwenye TV yake, gemu inateleza kama sabuni. Akiinyanyua mkononi, dakika haiishi, kochi linakwama mlangoni. Linasogea kidogo, linaganda. Na sauti yangu." Akasita, akashusha yake ya kweli. "Sauti yangu inakuwa nzito. Ya kiume. Kama mlevi anayetafuta ufunguo gizani. Wakala alicheka mpaka akaiweka mashine chini asije akaiangusha. Mimi niko mbele yake nimevaa suti."

"Ukirudi nayo hapa?"

"Nzima. Hata mkononi. Utasema ilikuwa inanitania."

Darubini akatikisa kichwa. Hilo alilielewa. Kitu kinaharibika kikitoka na kupona kikirudi, hapo lazima kuna mtu.

"Kwa hiyo kuna mtu anaiharibu kabla hujatoka, halafu anaitengeneza ukirudi."

"Na anayeweka gemu kwenye mashine ni mmoja tu." Kidevu cha Shangazi kikaelekea kwenye kioo. "Binti wa kaka yangu. Nimemlea mimi. Wakala anakuja hapa leo jioni, na amesema ni mara ya mwisho, ikikwama anaondoka na mashine yao. Sasa sikiliza ninachotaka. Kabla hajaishika, wewe utamtaja mhujumu mbele yake, ajue ofisi yangu haina kosa. Binti aondoke na boksi lake. Na wale wa kampuni wamjue, wasije wakamwazima mashine tena popote atakapokwenda."

"Na kama siyo yeye?"

"Basi itakuwa jini. Na jini huwezi kulifukuza kazi."

Darubini akaomba aione mashine.

Ilikuwa imekaa kwenye stendi juu ya meza ya yule binti, nyembamba kama sinia la chai, ina vishikio pande mbili. Nyuma ilikuwa na kitanzi cha chuma, na kwenye kitanzi palifungwa mnyororo wa baiskeli ulioshuka mpaka mguu wa meza ukaishia kwenye kufuli. Ufunguo wa kufuli ulining'inia shingoni mwa Shangazi. Kando ya mnyororo ulipita waya wa chaji, na vyote viwili vilikuwa vimezungushiwa tepu nyeusi, pingili kwa pingili, kama mgonjwa aliyefungwa bandeji na daktari asiyejiamini.

"Mnyororo wa nini?"

"Wa wezi. Na wa kuanguka. Ikimponyoka mtu inaning'inia, haifiki chini."

"Na huu waya?"

"Nimeufunga pamoja na mnyororo mtu asije akajikwaa."

Darubini akapiga magoti, akasogeza miwani. Tepu ya juu ilikuwa mpya, inang'aa. Chini yake palionekana ncha za tepu nyingine iliyokatwa kwa mkasi, na chini ya hiyo nyingine tena, imeshika vumbi. Akatoa simu aipige picha. Kioo cha simu kikafifia, kamera ikafikiria, ikafikiria tena, ndipo picha ikatoka.

"Tepu hii anaikata nani?"

"Mimi, siku ya kwenda kwa wakala. Nikirudi naifunga upya. Ufunguo huu haujawahi kutoka shingoni kwangu, hata nikioga."

"Naomba nicheze."

Aliingiza kochi kwenye ngazi vibaya tangu mwanzo. Sauti ya Shangazi ikatoka kwenye TV, "Kushoto. Kushoto. Hicho ni kulia. Kwani kwenu kushoto kuko wapi?" Shangazi halisi, akiwa nyuma yake, alikuwa anatembeza midomo kimyakimya akifuatisha kila neno. Darubini akainyanyua mashine kutoka kwenye stendi, mnyororo ukanguruma, TV ikazima, kioo cha mkononi kikawaka. Akakaa kwenye kiti na kuendelea. Kochi lilipita mlango wa kwanza. Likapita wa pili. Hakuna kilichokwama isipokuwa suruali yake kwenye nailoni ya kiti.

"Umeona?" Shangazi alisema. "Hapa ni malaika."

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Mchoraji, kijana mrefu aliyekuwa anakaa nusu makalio ili asiguse nailoni nyingi. Darubini alikuwa na kitu juu yake. Asubuhi hiyo kabla ya kupanda ngazi alikaa kwa muuza magazeti aliye chini ya jengo, na wauza magazeti wanajua mengi ambayo hayamo gazetini.

"Juzi ulionekana ukiingia kwa washindani wenu, lile jengo la mkabala."

"Nani amesema?"

"Hujakataa."

Mchoraji akachungulia kama Shangazi yuko karibu. "Nilienda kuomba kazi."

"Kwa nini?"

"Viti." Akainuka kidogo. Kiti kikainuka naye, kikamwachia, kikadondoka. "Vyao ni vya kitambaa, bwana. Unakaa, unainuka, unaondoka. Maisha ya watu."

"Wakakuambia ukitaka viti vile uwaharibie hawa gemu."

"Wakaniambia nirudi mwezi ujao. Mimi niharibu hii gemu? Wewe umeiona ile nailoni?"

"Ipi? Nimeona nyingi."

"Ya kwenye gemu. Shangazi alikataa kochi kavu. Alisema kochi jipya bila nailoni watu watadhani ni la mtumba. Basi nikaichora. Kila mkunjo wake unashika mwanga. Ukipita chini ya taa, taa inaonekana kwenye nailoni. Ukipita dirishani, dirisha linaonekana kwenye nailoni. Ukikaribia kwa mama mkwe, meno yake yanaonekana kwenye nailoni, tena yanacheza." Macho yalikuwa yamemlegea. "Nimeiota usiku, ile nailoni. Sijawahi kuchora kitu kizuri namna ile na sitegemei tena. Niiue kwa mikono yangu?"

Darubini alishawaona waongo wa kila aina, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumdanganya kuhusu meno. Akamwacha aende. Mchoraji akabandua suruali na kuondoka akitembea kwa upande.

Binti alikuja mwenyewe, boksi mkononi, akaliweka kwenye meza.

"Wewe ndiye Semikoloni."

"Ndiyo."

"Jina gani hilo?"

"Kuna alama moja ndogo inakaa mwisho wa mstari ukiandika programu. Niliisahau mara moja, nikaitafuta kutwa, mpaka nikalia. Mchoraji akanibatiza." Alikuwa na macho mekundu lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Uliza tu, kaka. Najua umeambiwa useme nini."

"Unaweka gemu mbili? Moja nzima ya hapa, moja mbovu ya kwa wakala?"

"Ningekuwa na muda wa kutengeneza gemu mbili, ningelala."

"Nani mwingine anajua kuiweka?"

"Hakuna. Ndiyo maana ni mimi."

"Kwa wakala umewahi kwenda?"

"Shangazi anakwenda peke yake. Anasema nitaongea maneno ya kompyuta, nimwaibishe."

"Na mkononi unaijaribuje?"

"Nainyanyua, nakaa kwenye hicho kiti, nacheza. Kutwa nzima. Nimelishusha kochi lile mpaka mgongo unaniuma kama nimelibeba kweli. Halijawahi kukwama."

"Umewahi kusogea nayo? Pale dirishani, kwa mfano."

"Mnyororo haufiki."

Semikoloni akaweka mkono juu ya boksi.

"Ukinitaja, kaka, nikufahamishe kinachotokea. Kazi ni kitu kidogo. Hizi mashine hawauzi, wanaazima watu wanaowaamini. Jina langu likichafuka kwa yule wakala, sitashika nyingine, wala hiyo inayokuja baada ya hii. Na mimi kitu kingine sijui kufanya. Halafu jioni nitakula naye meza moja, maana naishi kwake, ataniuliza mbona sili."

Hapo mpelelezi wa kwenye sinema angesema neno la kutia moyo. Darubini alitoa simu aangalie saa. Kioo kilikuwa kimefifia hadi akalazimika kuisogeza puani. Akagusa, ikakaa. Akagusa tena, ikakaa, halafu ikafungua vitu viwili kwa pamoja, ikafunga kimoja, ikaganda.

"Imekuwaje tena hii?"

"Inajinyima," Semikoloni alisema bila kuiangalia vizuri. "Betri ikishuka, simu inapunguza mwanga, inapunguza kasi, ili isizime."

"Asubuhi ilikuwa inakimbia."

"Asubuhi ilikuwa kwenye chaji."

"Kwa hiyo ikiwa na waya ni mtu mwingine, ikiwa haina waya ni mtu mwingine."

"Ndiyo, ni kawaida. Hata hii mashine ndivyo ilivyo, tena yenyewe haisubiri betri ishuke. Ukiitoa kwenye umeme tu, hata kama imejaa, inapunguza nguvu ili mtu acheze muda mrefu. Iko kwenye maelezo yao ukurasa wa mwanzo kabisa. Ndiyo maana lazima ujaribu mkononi, na mimi mkononi nimejaribu kila siku, nime..."

Akaacha kusema. Alikuwa anautazama mnyororo.

Darubini naye alikuwa anautazama. Macho yao yakaufuata pamoja, kutoka kwenye kitanzi, pingili kwa pingili, tepu kwa tepu, mpaka chini ya meza, mpaka kwenye soketi ambayo haichomolewi.

"Mungu wangu," Semikoloni alisema taratibu. "Ilikuwa mkononi, lakini ilikuwa inakula."

Shangazi alikuwa kwenye kochi anajipaka mafuta ya midomo akimsubiri mgeni. Darubini akamnyooshea kiganja.

"Ufunguo."

"Haifunguliwi mpaka wakala afike."

"Wakala akifika tutakuwa tumechelewa."

"Ikianguka je?"

"Shangazi, nikuulize. Wewe ukiipeleka kwa wakala unakata tepu, unafungua kufuli. Waya unaufanyaje?"

"Nauchomoa. Nitatembeaje barabarani na waya?"

"Umeona tepu zako? Nimezipiga picha. Chini ya ile mpya kuna zilizokatwa. Kila ulipoikata, gemu ilikufa. Ulipoifunga tena, gemu ilipona. Katikati ya hapo huyu binti hakugusa kitu, maana ufunguo unaoga nawe, na kwa wakala unakwenda peke yako." Akaketi pembeni yake, nailoni ikalalamika. "Nilikwambia habari za mwanaume wa nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ana nguvu. Ya pili anafika nguvu zimepungua. Ninyi kila siku mlikuwa mnakwenda kumkagua nyumba ya pili, na mnakuta anapasua kuni. Kwa nini? Kwa sababu nyumba ya kwanza imemfuata na chakula."

"Sijaelewa hata kidogo."

"Basi fungua uone."

Shangazi akauvua ufunguo kichwani kama anayevua taji. Akapiga magoti mwenyewe, akakata tepu kwa mkasi, akafungua kufuli, akachomoa waya. Semikoloni akaishika mashine kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyozoea, mpaka akayumba. Shangazi akatoa kasauti kadogo.

Kochi likaanza kushuka ngazi. Kona ya kwanza. Taa ya ngazi ikang'aa kwenye nailoni. Mlango wa kwanza. Kochi likaingia nusu, likasita, likaruka hatua, likaganda. Na kutoka ndani ya mashine ikatoka sauti nene, ya polepole, ya mtu mzima aliyekunywa tangu mchana.

"Kuuu... shooo... tooo."

Mchoraji, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuwa ametia mkono wa shati mdomoni wote.

"Hicho... niii... kuuu... liii..."

"Zima," Shangazi alisema.

Semikoloni akazima.

"Hakuna aliyeiharibu," Darubini alisema. "Umesimama hapa mwenyewe. Wakati wote ilikuwa hivyohivyo, ila mnyororo wako haukuwaruhusu kuiona. Ulinikodi nitaje jina. Nitaje la nani?"

"Nyamaza kwanza."

Shangazi alikuwa ameushika ule mnyororo, anauzungusha mkononi, na uso wake haukuwa wa mtu aliyevaa suti.

"Tutafanyaje?" akauliza. Hakumuuliza Darubini.

Semikoloni alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta. Nguzo za rangi zilipanda na kushuka kwenye kioo, moja ikiwa imezipita zote kwa mbali. "Natafuta kinachokula zaidi. Kochi lenyewe halina neno. Ngazi hazina neno. Sauti, hapana." Akageuka kwa uangalifu. "Ni nailoni."

"Ipi?" watu watatu wakauliza.

"Ya Mchoraji. Kila mkunjo mashine inaupigia hesabu upya. Taa, dirisha, meno, kila kochi likisogea. Ikiwa kwenye umeme inabeba. Ikiwa kwenye betri inakabwa. Naweza kuiacha kwenye TV, halafu mtu akiinyanyua mkononi nailoni itoke. Nipeni dakika chache tu."

"Itoke?" Mchoraji alisema kwa sauti ndogo.

"Kochi langu lipite uchi mbele za watu?" Shangazi alisema kwa sauti kubwa. "Jipya? Kwenye ngazi yenye vumbi?"

"Mkononi tu, shangazi. Kioo kidogo. Hata haionekani vizuri."

"Nitajua mimi."

Mlango ukagongwa.

Wote wakaitazama saa ya ukutani. Wakala alikuwa amewahi, kama wanavyowahi watu wanaokuja kuchukua kitu chao. Darubini akainuka, akafungua mlango kidogo, akatoka, akaufunga nyuma yake.

Wakala alikuwa mwanaume mnene, mchangamfu, mwenye begi tupu begani. Begi lile lilikuwa na umbo la mashine.

"Mimi ni mpelelezi," Darubini alimwambia. "Kabla hujaingia nina maswali."

"Mimi?"

"Kila mtu. Ulikuwa wapi gemu ilipokufa mara ya mwisho?"

"Ofisini kwangu."

"Kuna shahidi?"

"Huyo huyo mama mwenye gemu. Ndiye aliyeileta."

"Ulikuwa umekaaje?"

"Nimejilaza kwenye kochi, miguu juu. Gemu ya mkononi unaichezaje, umesimama kama mlinzi?"

"Waya wa chaji ulikuwa wapi?"

"Waya wa nini? Mashine imetengenezwa ili uondoke nayo, bwana."

Darubini akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekubaliwa jambo zito. Nyuma ya mlango kulikuwa na mabishano ya chinichini, sauti ya Mchoraji ikiomboleza, kisha ukimya. Akamwomba wakala aonyeshe nyayo za viatu. Wakala akainua kiatu kimoja, akashika ukuta. Akainua cha pili. Darubini akavikagua vyote kwa miwani yake minene, kimoja baada ya kingine, akarudia cha kwanza.

"Viatu vinahusiana nini na gemu?"

"Hilo ndilo najaribu kujua."

Ndani, Shangazi alisema, kwa sauti iliyopenya mbao, "Basi itoe. Itoe nisione." Halafu vidole vya Semikoloni vikaanza kugonga vibonyezo kama mvua kwenye bati, na Darubini akamwomba wakala amweleze, bila kuruka kitu, alivyoamka leo.

Wakala alikuwa amefika kwenye mswaki mlango ulipofunguliwa.

Mashine ilikuwa kwenye stendi. Mnyororo haukuwepo. Kwenye TV kochi liling'aa, taa na dirisha na meno vyote vikiwa mahali pake. Wakala akacheza kidogo, akatikisa kichwa, akasema kama kawaida kwenye TV hana neno, akainyanyua. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kumzuia, akatembea nayo mpaka dirishani.

Shangazi akamfuata, mikono ameikinga chini ya mashine kama anayemsubiri mtoto adondoke kitandani. Alipogeuka wakala, aligeuka. Alipoegemea ukuta wakala, aliinama.

Semikoloni alikaa kwenye kiti chake akitazama magoti yake. Boksi lilikuwa bado mbele yake mezani.

Kochi lilifika mlangoni. Kijani, kavu, halina nailoni.

"Kushoto," mama mkwe akasema kwa sauti yake kali, safi. "Hicho ni kulia. Kwani kwenu kushoto kuko wapi?"

Likapita. Likapita mlango wa pili na wa tatu, likateremka ngazi zote mpaka barabarani, na wakala akabaki anatazama kioo hata baada ya kwisha.

"Imepona," alisema. Akavua begi begani, akalikunja, akaliweka kwapani. "Ila yule mlevi simwoni. Nilikuwa nimemzoea."

Akamgeukia Shangazi.

"Na mama, kwenye simu uliniambia kuna mtu anawahujumu, na leo utamtaja. Huyu bwana ameniangalia mpaka soli za viatu. Mmempata?"

Darubini akavua miwani, akaifuta kwa shati. Bila miwani hakuona uso wa mtu yeyote, na aliona ni afadhali. Akafungua mdomo.

"Hakuna mhujumu," Shangazi akamwahi. "Ni mimi. Niliifunga na waya wake, wakawa wanaijaribu ikiwa kwenye umeme. Kosa si la mtu mwingine. Aliyeitengeneza ni huyu hapa, binti wa kaka yangu. Mtazame vizuri umjue. Mashine nyingine zikija, umtafute yeye."

Wakala akamtazama vizuri, akampa mkono, akaondoka akiwa bado anacheka kidogo kwenye ngazi.

Shangazi akaliangalia boksi.

"Hilo linafanya nini juu ya meza? Linakwaruza." Akalitoa mwenyewe, akarudisha kikombe mahali pake, akarudisha feni, ndala akaziweka chini ya kiti akizipanga sawasawa. Kisha akauvua ufunguo shingoni kwa mara ya pili siku hiyo na kumwekea Semikoloni kiganjani. "Ukiiangusha..."

"Sitaiangusha, shangazi."

Darubini aliona kazi yake imekwisha. Simu ilikuwa imezima kabisa. Akainama chini ya meza, na pale, kwa mara ya kwanza, soketi ilikuwa wazi. Akatoa chaja mfukoni.

"Hiyo ni ya mashine," Shangazi alisema.

"Mwache achomeke, shangazi," Semikoloni alisema, ufunguo mkononi.

Shangazi akafungua mdomo. Akaufunga. Akaenda kukaa kwenye kochi, na nailoni ikapiga kelele kwa niaba yake.